Kwa Mangi

Jioni moja nilimtuma mwanangu wa mwisho akanunue mkate, akarudi mikono mitupu. "Mangi kasema hana chenji ya elfu kumi," akasema, akaiweka noti juu ya karatasi zangu, akaenda zake kuangalia katuni.

Karatasi zenyewe zilikuwa za kazi ya tafsiri, kitabu cha historia cha watoto wa shule, ambamo kila baada ya aya mbili anatokea mtu mwenye kiti, fimbo na wapambe, nami kila mara namwandika "mfalme". Mfalme wa Wanyamwezi. Mfalme wa Bunyoro. Mfalme wa Uajemi. Mfalme wa Wahehe. Kufika ukurasa wa arobaini nilikuwa nimekwisha kuwavika watu kumi na wawili kofia moja, na hapakuwa na hata mmoja ambaye ilimwenea. Wengine iliwafunika macho, wengine ilikaa juu ya nywele kama kifuniko cha chupa.

Ndipo maneno ya mtoto yaliponirudia sikioni. Mangi kasema hana chenji.

Asiyeishi Dar es Salaam huenda akahitaji kuambiwa kwamba Mangi ni mwenye duka la mtaani, lile lenye wavu dirishani na tundu la kupitishia mkono, linalouza mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, vocha na mkate wa jana. Jina limetoka kwa Wachagga, ambao kwa miaka mingi ndio walioyashika maduka hayo. Mangi wetu si Mchagga. Ni Mkinga wa Makete. Lakini mwite Mangi aitike bila kuinua uso kwenye mzani. Na wateja wake wengi hawana habari kwamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro neno hilo lilikuwa la mtu mmoja tu katika kila nchi: Machame na mangi wake, Kibosho na wake, Marangu na wake, Moshi na wake. Huyo wa Moshi, Mangi Meli, Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900, yeye na wenzake. Inasadikiwa kichwa chake kilikatwa kikasafirishwa Ujerumani, na watu wa ukoo wake hawajaacha kukitafuta. Huku kwetu Mangi anadaiwa mkate.

Nikafuta "mfalme wa Wanyamwezi", nikaandika mtemi. Kalamu ikatulia. Neno hili Mswahili hahitaji kamusi kulisikia, maana kutema tunako: tunatema kuni, tunatema miti, tunatema na mate. Wanyamwezi na Wasukuma hulieleza kwa namna mbili. Wapo wanaosema mtemi ni yule wa kwanza aliyetema pori, akafyeka na kufungua nchi ili watu walime. Wapo wanaosema ni anayetema mashauri, yaani anayeyakata. Mimi sioni haja ya kuchagua, kwa kuwa hata Kiswahili kimeyaweka mambo hayo mawili kwenye makali ya chuma kimoja: tunakata shauri, tunakata kesi, na tusiporidhika tunakata rufaa. Ndani ya cheo hicho limo panga, na panga ni la kazi. Mtemi Isike wa Unyanyembe, Wajerumani walipoivunja boma yake Tabora Januari 1893, aliwasha ghala yake ya baruti akiwa ndani yake. Nikimwandika "mfalme Isike", mtoto wa shule atamwona na taji la karatasi kama lile la kwenye karata. Panga halitaonekana popote.

Bunyoro kuna omukama, na hapo pia sikio la Mswahili husimama. Husemwa kwamba limetokana na okukama, kukama ng'ombe. Nasi tunalo kukama, ingawa siku hizi wengi husema kukamua. Ni cheo cha watu wa mifugo: mkuu ni mkamaji. Kinachonipendeza ni kile ambacho neno halikisemi. Halisemi raia ni ng'ombe au ni ndama. Kama ni ndama, maziwa ni yao. Kama ni ng'ombe, basi wanakamuliwa. Nina hakika katika utawala mmoja mtu aliweza kuwa vyote viwili, asubuhi ndama, jioni ng'ombe. Waingereza walimkamata Omukama Kabalega mwaka 1899 wakampeleka Ushelisheli, na aliporuhusiwa kurudi, mwaka 1923, alifia njiani, Jinja, kabla ya kuiona Bunyoro. Neno lenyewe halikufa. Waganda hulitumia kanisani, Mukama, kwa maana ya Bwana Mungu.

Rwanda na Burundi walikuwa na mwami, lakini huko mwenye nchi hasa hakuwa mtu. Ilikuwa ngoma. Ingoma kwa lugha zao ni ile inayopigwa, na ni utawala pia. Ukitaka kusema jambo lilitokea enzi za mwami Rudahigwa, unasema lilitokea kwenye ngoma ya Rudahigwa. Kalinga ilikuwa ngoma ya Rwanda, Karyenda ya Burundi, na mwami alikuwa mlinzi wake. Ni fikra pevu kuliko inavyoonekana. Mtu huzeeka, huugua, hupumbaa, lakini ngoma iko palepale kwenye nyumba yake.

Pwani yetu haikuwa na uhaba wa vyeo, tena vingi vyake tumevisahau kwa kuwa tunavitumia kila siku. Kabla ya Waarabu wa Oman kukaa Unguja kwa nguvu, Wahadimu walikuwa na Mwinyi Mkuu wao, na wa mwisho mwenye uzito, Muhammad bin Ahmed, alikaa Dunga, akafa mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alimfuata mwaka 1873 na cheo kikaishia hapo. Siwa na ngoma zikaishia makumbusho. Mwinyi ni mwenye. Mwenye nini? Neno halikumalizia, kwa sababu jibu lilikuwa: vyote. Mwenye mji ndiye aliyetuzalia mwenyeji, neno ambalo leo ni la kila mtu aliyekutangulia kufika mahali, hata kama ni kwenye chumba cha kupanga. Na mwenye enzi tumempelekea Mungu, tukamwita Mwenyezi. Waarabu nao walilipitisha wazo lao njia hiyohiyo: malik ni mfalme, na shina lake ndilo linalotupa kumiliki na milki. Malkia wetu ametoka humo. Kwa hiyo anayemwita mwimbaji wa taarab malkia wa mipasho anasema, bila kujua, kwamba mipasho ni mali yake yenye hati.

Tumbatu alikuwako Sheha, mtawala. Leo sheha ni kiongozi wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya serikali Zanzibar. Ukitaka barua ya utambulisho unamfuata, naye ana meza, daftari na muhuri wa wino wa buluu, anakuuliza nyumba yenu ni ile ya karibu na mwembe au ile ya kisimani. Diwani wa Pemba na Mrima alikuwa mkubwa wa mji. Leo Tanzania bara diwani ni mtu wa kata, anayesemwa kwa sababu ya mtaro. Neno lake limepita pazuri zaidi kuliko yeye, kwa maana kwa Kiajemi lilikuwa daftari na ofisi ya kuandikia, na ndiyo sababu mkusanyo wa mashairi nao ni diwani. Jumbe wa Mrima alivalia kilemba. Wajerumani wakamfanya msimamizi wa kijiji chini ya akida, naye akida akawa chini ya liwali. Mtu akipenda kucheka kidogo na historia, atazame Zanzibar: mapinduzi ya 1964 yalimfukuza sultani, kisha wakaja kuwa marais Aboud Jumbe, Ali Hassan Mwinyi na Hussein Ali Mwinyi.

Huyo sultani mwenyewe ana kisa. Kwa Kiarabu neno halikuanza kwa mtu hata kidogo. Lilikuwa jina la kitu kisichoshikika, mamlaka, nguvu ya hoja, na katika Kurani limo kwa maana hiyo. Baadaye mamlaka yakavaa kanzu, yakaketi, yakawa fulani bin fulani. Serikali limekwenda njia hiyohiyo kinyumenyume. Sarkar ya Kiajemi alikuwa mtu, msimamizi, mkuu wa shughuli. Hata alipofika kwetu alikuwa amekwisha kuyeyuka, yamebaki majengo na foleni. Wenye utani husema ni siri kali. Wataalamu wa lugha hawacheki, lakini utani huo una umri wake na sitaukosoa.

Basi Wazungu walipofika Unguja wakamkuta Seyyid Said bin Sultan, na jina hilo likawatega. Sultan alikuwa baba yake. Lilikuwa jina tu alilopewa na wazazi wake, kama mwingine anavyoitwa Juma. Mwana alijiita Seyyid, yaani bwana, akatosheka. Babu yake, Ahmad bin Said, alikuwa amechaguliwa kuwa Imamu wa Oman, na Uimamu kwa Maibadhi ni jambo la kuchaguliwa, lenye masharti yake ya dini; mjukuu hakuushika. Wageni hawakujali. Huyu aliandika Imamu wa Maskati, yule Sultani, na wapo waliotumia vyote viwili. Said alifariki safarini baharini mwaka 1856, na baada ya milki kugawanywa mwaka 1861 usultani ulimkaa kila aliyefuata Unguja, mpaka Jamshid bin Abdullah aliyeondolewa tarehe 12 Januari 1964. Jamshid aliishi miongo mingi Portsmouth, mji wa bandari wa Uingereza, akafariki Maskati mwishoni mwa 2024. Mara nyingine huwaza majirani zake kule walimwitaje alipokwenda kununua mkate.

Nilitaka kulala, lakini jambo hili la jina kugeuka cheo na cheo kugeuka jina likaninyima usingizi. Sisi tuliolelewa na visa vya mitume tunawajua wakubwa wanne: Firauni, Najashi, Kisra na Kaisari. Utotoni niliwadhani ni watu wanne wenye majina yao. Kumbe Firauni si jina. Ni maneno ya Kimisri ya kale yenye maana ya nyumba kubwa, jengo lililokuja kumsimamia mwenye kukaa ndani yake, kama tunavyosema leo kwamba Ikulu imekanusha. Kwetu jengo hilo limekuwa tusi, na ufirauni ni uovu usiotajwa mbele ya watoto. Najashi naye, yule aliyewapokea Waislamu wa kwanza waliokimbilia Habasha, ni cheo: ni negus, neno walilolitumia Wahabeshi kwa wafalme wao mpaka juzi. Ras Tafari alifanywa negus mwaka 1928, na tarehe 2 Novemba 1930 akavishwa taji la negus wa negus wote, Haile Selassie. Ras ni kichwa, ndiyo hiyo rasi yetu ya baharini. Hivyo wale vijana wa Jamaica walipoipa imani yao jina, walichukua cheo alichokuwa ameshakivua.

Wawili waliobaki ni kinyume chake. Kisra alikuwa mtu, Khosrow, mfalme wa Uajemi. Waarabu wakalifanya jina lake kuwa la kila mfalme wa Kiajemi. Kaisari alikuwa Julius Caesar, aliyeuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, katika mji uliochukia neno mfalme kiasi kwamba kutuhumiwa kulitaka kulitosha kumwua mtu. Waliomfuata wakawa wafalme wa kweli chini ya jina la marehemu, na jina hilo likasambaa, Kaiser kwa Wajerumani, tsar kwa Warusi. Waslavi wengi walifanya vivyo hivyo kwa Karl Mkuu: wakaligeuza Karl kuwa neno la mfalme. Na Kaisari wa Berlin ndiye ambaye bendera yake ilipandishwa Iringa.

Hapo nimefika kwa Mkwawa, na hapa siwezi kupita haraka.

Cheo cha Wahehe ni mtwa. Mtwa Mkwawa alilipiga jeshi la Wajerumani Lugalo Agosti 1891, akapoteza ngome yake ya Kalenga 1894, akakimbizwa miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi asishikwe hai. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Miaka 21 baadaye mataifa yalikutana Versailles kufunga vita kuu, na ndani ya mkataba ule mnene, katikati ya fidia za makaa ya mawe na meli, kikawekwa kifungu cha 246. Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama maktaba, nikatafuta kiti.

Kifungu hicho kinaiagiza Ujerumani, ndani ya miezi sita, irudishe vitu viwili. Cha kwanza ni msahafu wa Khalifa Uthman, unaodaiwa kutolewa Madina na Waturuki ukapewa zawadi Kaisari wa zamani Wilhelm wa Pili. Huo akabidhiwe Mfalme wa Hijazi. Cha pili ni fuvu la "Sultani Mkwawa". Hilo likabidhiwe serikali ya Mtukufu wa Uingereza. Hebu wahesabu waliomo. Khalifa, maana yake aliyeachiwa nafasi ya mwingine. Kaisari, jina la Mrumi, tena limewekewa "wa zamani" kwa kuwa wino wa kujiuzulu kwake ulikuwa haujakauka. Mfalme wa Hijazi, ambaye miaka mitatu tu nyuma alikuwa Sharifu wa Makka na ufalme wake bado ulinukia rangi mpya. Mfalme wa Uingereza, ambaye yeye hatajwi hata kwa cheo, anatajwa kwa utukufu wake. Na katikati yao fuvu la mtu wa Kalenga, limevishwa neno la Kiarabu ambalo hakuna Mhehe aliyemwita nalo.

Sababu ya "sultani" ni rahisi. Wajerumani walishukia pwani, wakajifunza huko neno la mkubwa, wakalibeba bara kama mzigo wa mpagazi na kumtwika kila waliyemkuta: mtemi akawa sultani, mangi akawa sultani, mtwa akawa sultani. Halikuwa kwa heshima wala kwa dharau. Walikuwa na neno moja mkobani. Waingereza walikuja na hesabu nyingine. Kwao mfalme alikuwa mmoja, London, na dola yenye mfalme mmoja haiwezi kuwa na wafalme mia Tanganyika. Wakaleta chifu. Neno hilo liliwanyoosha wote kuliko hata sultani, kwa kuwa chifu wa watu laki moja na chifu wa vijiji vitatu waliandikwa sawa kwenye orodha ya mishahara. Buganda walilazimika kuwa waangalifu zaidi, kwa sababu Kabaka alikuwa na wizara, bunge na barabara zake. Mkataba wa 1900 ukamwacha aitwe Kabaka, ukampa daraja ya uheshimiwa iliyo chini ya utukufu wa mfalme wa London, ukamruhusu mizinga 9 ya salamu. Salamu kamili ya kifalme ni mizinga 21. Tofauti kati ya kabaka na mfalme, basi, iliwahi kupimwa hasa, nayo ilikuwa mizinga 12.

Fuvu halikurudi ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954, gavana Edward Twining alipolipata katika makumbusho ya Bremen, na Kalenga lilipokewa na mjukuu wa Mkwawa. Mjukuu huyo aliitwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Kwa hiyo siku ile babu alirudi akiwa sultani kwenye makaratasi, akapokewa na chifu, mbele ya watu ambao wote wawili waliwajua kwa neno moja, mtwa. Mwaka 1963 sheria ikafuta mamlaka ya machifu Tanganyika. Adam Sapi alikuwa amekwisha kuwa Spika wa Bunge tangu mwaka uliotangulia, kiti alichokikalia kwa miaka mingi, na wengi wa rika langu tulimfahamu redioni kwa cheo hicho, kilichotokana na kusema, ingawa kazi yake kubwa ilikuwa kunyamazisha.

Na neno mfalme lenyewe, kofia yangu niliyoigawa bila huruma? Katika karne ya 10 al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyesafiri kwa jahazi kutoka Qanbalu ya pwani yetu hadi Oman, aliandika cheo cha mkuu wa Wazanji. Herufi za Kiarabu za jina hilo zimesomwa kwa namna nyingi, na wapo wanaoona ndani yake "wafalme". Tuwaachie wenyewe ubishi wao. Kilichonishika ni maelezo yake. Anasema maana ya cheo ni mwana wa Bwana Mkubwa, kwa sababu Bwana huyo amemchagua awatawale kwa haki. Akidhulumu, humwua, na kizazi chake hakirithi tena. Hoja yao ni kwamba kwa kudhulumu amekwisha kuacha kuwa mwana wa Bwana Mkubwa. Yaani maana ya neno ndiyo iliyokuwa katiba. Hawakuhitaji kusema mfalme amevunja sheria; walisema tu kwamba neno halimfai tena.

Nilirudisha maneno yote mahali pake: mtemi, omukama, mwami, mangi, mtwa, kila moja na sentensi yake ya maelezo. Mhariri atalalamika kwamba kitabu kimenenepa. Mfalme nilimwachia wa Uajemi, maana huko nisingeweza kuandika shah bila kuandika ukurasa mzima.

Ilikuwa saa mbili na nusu usiku, na nyumba bado haina mkate. Nikaenda mwenyewe. Mangi alikuwa anampimia mtoto mafuta ya taa, jicho moja kwenye kipimo, jingine kwenye mpira wa kwenye simu. Nilimwuliza kama anajua mangi ni nini. "Si mimi hapa, mzee wangu?" akasema. Nikamweleza habari za Moshi na kamba ya 1900. Alisikiliza kwa adabu, akapunguza sauti ya mpira, akatikisa kichwa. "Duh. Kwa hiyo aliyeanza jina hili alinyongwa." Kisha akanipa mkate na kunikumbusha kwamba chenji bado hana, nilipe kwa simu.

Nikaingiza namba, nikaingiza kiasi. Kabla ya kuthibitisha, simu ikaniletea jina la mpokeaji, majina matatu kwa herufi kubwa, ya Kikinga na ya Kikristo. Nimenunua dukani pale miaka sita na sikuwahi kulijua. Niliyasoma mara mbili, nikabonyeza ndiyo.

"Imeingia, Mangi?"

"Imeingia, mzee."